Fundi Yuko Likizo

Kalina ana miaka mitatu na hataki kunata.
Jamu ikimgusa kiganjani, huinua mikono juu
kama mtu aliyezingirwa na polisi,
huita: "Kitambaa! Baba, kitambaa!"
Nami hukimbia. Nimekimbia mwaka mzima.

Mimi ni fundi wa tramu hapa Łódź.
Kazi yangu ni grisi: kwenye mikunjo ya vidole,
chini ya kucha, hadi ndotoni.
Kila jioni, kabla sijamshika mwanangu,
najisugua kwa brashi na sabuni ya unga
mpaka ngozi iwake, na bado ananikagua
kidole kimoja kimoja, kama karani wa forodha.
Pengine ni mimi niliyemfunza.
Mtoto hutazama; hangoji somo.

Bi Otylia wa chekechea hakunilaumu.
Alisema tu, akivua aproni yenye madoa ya rangi:
"Usimvute mkono. Kaa chini, chezea mwenyewe.
Na akigusa, usipige makofi. Atashtuka."

Basi Jumamosi, mvua ya Novemba ikichapa dirisha,
nikapika kisiel, uji wa cheri na wanga wa viazi,
alionilisha mama siku za homa,
nikaumwaga kwenye sinia la bati, upoe.
Ukatulia pale, mwekundu,
ukitetemeka kila meza ikiguswa.

Kalina akasimama mlangoni, mikono mgongoni.
Nikachovya kidole, kimya.
Nikachora reli mbili. Zikajifunga polepole,
uji ukarudi mahali pake kana kwamba hapakupita mtu.
"Zimepotea," akasema.
"Zimepotea," nikakubali. Nikachora nyingine.

Hatua tatu. Akasita.
Nikampa mwiko wenye mpini mrefu kuliko mkono wake.
Akaushika nchani kabisa, akagonga.
Pwata.
Akautazama mwiko, akanitazama mimi. Pwata.
Tukagonga hivyo hadi chai yangu ikapoa.

Nikatia uji kidogo katika mfuko wa plastiki,
nikaufunga mafundo mawili.
Huo aliuminya bila woga, akaubana huku,
ukachomoza kule,
akacheka kile kicheko cha puani anachokificha.

Nikadhani tumefika. Mjinga mimi, nikasema:
"Sasa kwa mkono?"
Mikono ikarudi mgongoni. Kidevu kikatikisika.
"Kitambaa!" Na hakuwa na hata tone.
Nikamletea, kimelowa maji ya vuguvugu.
Nikamwomba radhi; haraka ilikuwa yangu.
Akakitandaza kando ya sinia, akanyoosha pembe zote nne,
ndipo nikaelewa, mimi niliyepaswa kujua siku nyingi:
tramu haitoki asubuhi
kama haina depo ya kurudi.

Nikachukua tramu yake ya mbao,
nikaiendesha hadi katikati ya uji, nikaiacha.
Ikazama hadi madirishani.
"Imekwama," akasema. "Itoe."
"Fundi yuko likizo."
"Fundi ni wewe."
"Leo Jumamosi."

Akafikiri muda mrefu; nilihesabu matone ya bomba.
Kisha kidole cha shahada, ncha tu. Kitambaa.
Kidole. Kitambaa. Kidole, kitambaa.
Mara ya saba au ya nane, akasahau kufuta.
Niliuma ulimi nisipige makofi.
Tramu ikatoka ikidondosha cheri,
abiria wote salama, alinihakikishia,
isipokuwa mmoja aliyependa kubaki.

Jumapili alikataa tena. Hata mwiko aliukataa.
Nikala uji uliobaki peke yangu, kwa kijiko, nimesimama.

Jumatatu nilichelewa kazini, breki za namba kumi na moja.
Niliingia sijanawa. Alikuwa amekaa sakafuni,
akainuka, akaukamata mkono wangu wa kulia,
akaugeuza kama kawaida yake,
akaona ule mstari mweusi chini ya dole gumba.
Akaugusa.
Akainusa ncha ya kidole chake, akakunja uso.
Kisha akaenda mwenyewe jikoni,
akaleta kitambaa,
akaanza na mkono wangu.